UCHAMBUZI: Dwarka, mji wa hija uliogeuzwa jukwaa la siasa za India

WAZIRI Mkuu wa India, Bw Narendra Modi, alipopiga mbizi katika Bahari ya Arabuni mnamo Februari 25, 2024, akiwa amebeba manyoya ya tausi ya kumtolea Krishna kwenye sakafu ya bahari, picha zake zilizagaa kote duniani kabla ya siku kuisha. Wengi walizitazama kama kioja. Ilhali habari iliyokuwa na uzito zaidi ilitokea siku iyo hiyo, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka hapo. Daraja lenye urefu wa kilomita 2.32 lilifunguliwa rasmi kuunganisha bandari ya Okha na kisiwa cha Bet Dwarka, ambacho kwa karne na karne kilifikiwa kwa chombo cha majini pekee.

Matukio hayo mawili hayafai kutenganishwa. Mbizi ile ilikuwa ya imani na pia ya siasa, na daraja lile, licha ya kujengwa kwa saruji na chuma, lina imani na siasa ndani yake. Kati ya mawili hayo upo mji mdogo wa Dwarka, ambao katika sensa ya mwaka wa 2011 ulikuwa na wakazi takriban 39,000 tu, lakini ambao Wahindu wanauhesabu miongoni mwa mahali patakatifu mno chini ya jua. Suala linalozuka ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: mji mtakatifu ni wa nani? Ni wa hujaji anayekuja kwa siku mbili, wa serikali inayomjengea barabara, au wa mkazi anayeamka hapo kila siku?

Kabla ya kuendelea, yafaa neno moja lifafanuliwe, maana huwachanganya wengi huku kwetu. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Katika mitaa ya Mombasa na Nairobi maneno haya hutumiwa kama pacha, na katika sentensi nyingi hakuna madhara makubwa. Anayeandika kuhusu Dwarka hana budi kuyatenganisha, kwa sababu katika mji wenyewe wengi ni Wahindu, ilhali katika kisiwa cha Bet Dwarka, ambako mahujaji hao humiminika, wakazi wengi ni Wahindi Waislamu.

Dwarka iko kwenye ncha ya magharibi ya rasi ya Saurashtra, katika jimbo la Gujarat. Upande wa magharibi ni Bahari ya Arabuni na kaskazini ni Ghuba ya Kutch. Mabaharia wa zamani wa Lamu na Mombasa hawakuhitaji ramani kuifahamu pwani hii. Upepo wa kusi uliwapeleka huko na kaskazi ikawarudisha, pamoja na majahazi ya Kutch na Porbandar yaliyosheheni nguo. Yamkini ndiyo sababu Kiswahili kina maneno kama laki, bima, hundi na gari, yote yakiwa na jamaa zake katika lugha za huko. Jina la Dwarka nalo limetokana na neno linalomaanisha mlango.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Kihindu, Krishna aliuhama mji wa Mathura, ulioko kaskazini mwa India, baada ya kushambuliwa mara kwa mara na mfalme Jarasandha. Akawaongoza watu wake hadi pwani ya magharibi, akaomba ardhi kwa bahari, na hapo akajenga mji wa fahari. Miaka mingi baadaye ukoo wake uliangamizana wenyewe kwa wenyewe. Krishna mwenyewe alichomwa mshale na mwindaji aliyemdhania kuwa paa. Bahari ikadai ardhi yake na kuumeza mji wote. Mji wa leo, basi, katika imani ya wenyewe, umesimama kando ya mji mwingine uliozama.

Hekalu kuu, linaloitwa Dwarkadhish au Jagat Mandir, lina ghorofa tano na limesimama juu ya nguzo kadhaa za mawe. Ndani yake mna sanamu nyeusi ya Krishna mwenye mikono minne. Hujaji huingia kupitia lango la kaskazini, ambalo huitwa Lango la Wokovu, na kutokea lango la kusini, Lango la Mbinguni, ambako ngazi 56 huteremka hadi kwenye mto Gomti. Hapo ndipo mahujaji huoga. Mto wenyewe si mkubwa. Hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari, na anayetarajia kuona kitu mfano wa Ganges atashangaa jinsi ulivyo mwembamba.

Lakini kinachomvuta mgeni zaidi ni bendera. Juu ya kuba hupepea kitambaa cha yadi 52 chenye alama za jua na mwezi, na hubadilishwa mara kadhaa kila siku, mwaka mzima. Kila bendera hulipiwa na familia iliyoweka nadhiri. Familia hiyo huibeba kwa maandamano, ngoma na nyimbo hadi hekaluni, kisha hukabidhi wapandaji ambao ni wa ukoo uliorithi kazi hiyo. Umati ulio chini huinua macho hadi kitambaa kipya kikunjuke. Mwezi Julai 2021 radi iliipiga bendera hiyo na kuichana bila kumjeruhi mtu, na waumini wengi wakasema hekalu limeupokea msiba ambao ungewafika wao. Juni 2023, kimbunga Biparjoy kilipoikaribia pwani ya Gujarat, upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba utaratibu wa kupandisha bendera ulivurugika, na milango ikafungiwa mahujaji. Katika mji wenye kuamini kwamba bahari iliwahi kuumeza, onyo la kimbunga halipokelewi kama habari ya hali ya hewa tu.

Historia nayo haikuupa mji huu nafasi ya kupumua. Katika miaka ya 1470, Sultani Mahmud Begada wa Gujarat aliushambulia na kulibomoa hekalu lililokuwapo. Lile linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la baada ya hapo. Wakati huo pwani ya Okhamandal ilisifika kwa maharamia, na simulizi za kasri la Sultani zinataja msomi aliyeporwa baharini kuwa chanzo cha vita hivyo. Mwaka wa 1859 Waingereza waliishambulia Bet Dwarka na Dwarka kuzima uasi wa jamii ya Wavagher. Usiku wa Septemba 7, 1965, katika vita vya India na Pakistan, manowari za Pakistan ziliurushia mji mizinga bila kuleta maafa makubwa. Mpaka wa baharini na Pakistan hauko mbali, na ukweli huo, kama tutakavyoona, bado hutumiwa kuhalalisha mengi.

Dwarka ni mojawapo ya vituo vinne vikuu vya hija ya Wahindu, kila kimoja kikiwa katika pembe yake ya India: Badrinath kaskazini milimani, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Vitatu kati ya hivyo viko pwani. Mwanafalsafa Shankara anaaminika kuwa ndiye aliyeweka nyumba ya watawa katika kila pembe hiyo, na ile ya Dwarka, Sharada Peeth, ingali ipo jirani na hekalu kuu. Mkuu wake wa muda mrefu, Swaroopanand Saraswati, alifariki Septemba 2022. Alikuwa mtu asiyechelea kuwakosoa wanasiasa waliojifanya wasemaji wa dini, na hilo lapaswa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba viongozi wote wa Kihindu huimba wimbo mmoja na chama tawala cha BJP.

Nje kidogo ya mji, mwendo wa kilomita mbili hivi, liko hekalu la Rukmini, mke wa Krishna. Kwa nini mke akajengewa mbali na mumewe? Inasimuliwa kuwa wawili hao walikuwa wakilivuta gari la Durvasa, mtawa mwenye hasira za karibu. Rukmini aliposhikwa na kiu, Krishna alitoboa ardhi kwa kidole cha mguu na maji yakabubujika. Rukmini akanywa kabla ya kumkaribisha mgeni. Durvasa akamlaani atengane na mumewe na nchi ile ikose maji matamu. Hadi leo mahujaji hutoa sadaka ya maji katika hekalu hilo.

Simulizi hiyo ina jiografia ndani yake. Okhamandal ni nchi kame, ya chumvi na vichaka, na kwa vizazi vingi maji ya kunywa yalikuwa adimu. Katika miongo ya karibuni serikali imeyaleta maji ya mto Narmada katika Saurashtra kwa mifereji na mabomba kutoka umbali wa mamia ya kilomita. Mgeni anayefungua mfereji katika hoteli za Dwarka huenda asijue kwamba kila ongezeko la vyumba vya kulala ni ongezeko la mzigo kwa mabomba hayo. Hili ni jambo ambalo mipango ya utalii hulipitia kwa haraka mno.

Barabara ya kwenda Okha humpitisha mgeni katika hekalu la Nageshwar, linalohesabiwa miongoni mwa mahekalu 12 makuu ya Shiva, lenye sanamu kubwa ya mungu huyo akiwa ameketi uwanjani. Kuna pia kidimbwi cha Gopi, ambacho udongo wake wa manjano huuzwa kwa mahujaji wa kujipaka kwenye paji la uso. Vituo hivi huhitaji nusu siku tu. Kisha ndipo mtu hufika Okha, na hapo ndipo kadhia ya leo inapoanzia.

Hadi Februari 2024 hujaji aliyefika Okha alipanga foleni gatini, akaingia katika boti ya mbao iliyojaa watu wa kila rika, na kwa muda usiozidi nusu saa akavushwa hadi kisiwani huku shakwe wakimfuata kutafuta makombo. Wengi walibeba mchele, kwa kumbukumbu ya Sudama, rafiki maskini aliyemletea Krishna zawadi ya nafaka na akarudi nyumbani akiwa tajiri. Usiku hapakuwa na safari. Bahari ilipochafuka hapakuwa na safari. Mkazi aliyezidiwa na ugonjwa baada ya giza alitegemea huruma ya mwenye chombo na hali ya mawimbi.

Daraja limeyamaliza hayo, na asiyekiri hivyo hatendi haki. Yeyote aliyewahi kusubiri feri Likoni akiwa na mgonjwa hahitaji kuhubiriwa faida ya daraja. Hili la Sudarshan Setu, lililopewa jina la silaha ya Krishna, ndilo refu zaidi nchini India miongoni mwa yale yanayoning'inizwa kwa nyaya. Bw Modi mwenyewe aliweka jiwe la msingi Oktoba 2017. Liligharimu takriban rupia bilioni 9.8. Lina njia nne za magari, na kando yake vijia vya watembea kwa miguu vilivyopambwa kwa picha za Krishna na aya za Bhagavad Gita, huku paneli za juani zilizowekwa juu ya vijia hivyo zikizalisha umeme.

Mapambo hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa mara mbili. Daraja ni mali ya umma na limejengwa kwa kodi ya Wahindu, Waislamu, Wajaini na wasio na dini. Kwa kulipamba kwa maandiko ya dini moja, serikali imetamka jambo bila kufungua kinywa: kwamba kisiwa hiki, kwa hesabu yake, kwanza ni cha mahujaji. Mvuvi Mwislamu wa Bet Dwarka hulipita kila siku akienda kuuza samaki. Hajazuiwa kulitumia. Lakini amekumbushwa kwamba halikujengwa kwa ajili ya hadithi yake, ingawa kisiwani humo kuna kaburi la walii Haji Kirmani, ambalo nalo lina wageni wake.

Wenye boti walijikuta pabaya zaidi. Riziki yao ilikuwa ile dakika ishirini na kitu ya maji baina ya gati mbili. Daraja lilipofunguliwa, mabasi ya mahujaji yalianza kupita juu yao hadi karibu na mlango wa hekalu. Hakuna serikali duniani inayoahirisha daraja kwa sababu ya boti, wala haifai kufanya hivyo. Suala ni je, mipango ya fidia, mafunzo au leseni za matembezi ya baharini ilipewa uzito sawa na nyaya na nguzo? Ghuba ya Kutch ina hifadhi ya kwanza ya bahari nchini India, iliyotangazwa mwaka wa 1982, yenye matumbawe, kasa na pomboo. Nahodha anayezijua njia za maji hayo ni hazina ya utalii, si mabaki ya enzi iliyopita. Badala yake, mpango uliotangazwa kwa kishindo Desemba 2023 ulikuwa wa nyambizi ya kuwashusha watalii waone chini ya bahari.

Kabla ya daraja kukamilika, kisiwa kilikuwa tayari kimeshuhudia matingatinga. Mnamo Oktoba 2022 wasimamizi wa wilaya ya Devbhumi Dwarka walibomoa majengo mengi waliyosema yalikuwa yamejengwa kinyume cha sheria kwenye ardhi ya serikali, yakiwemo ya ibada. Operesheni hiyo ilirejea Januari 2025, kisiwani Bet Dwarka na katika visiwa vingine vidogo vya jirani. Serikali ilitoa hoja mbili, kwamba ardhi ya umma imenyakuliwa, na kwamba visiwa vilivyo karibu na mpaka wa Pakistan haviwezi kuachiwa majengo yasiyojulikana. Wakosoaji walisema kwamba makaburi na mahali pa ibada pa Waislamu ndipo palipoandamwa zaidi.

Hoja ya usalama haiwezi kupuuzwa katika pwani iliyowahi kupigwa mizinga. Hata hivyo, hoja ya aina hiyo ina desturi ya kukua kupita kiasi. Kaburi la walii ambalo babu na bibi wamelizuru haliwi tishio kwa usiku mmoja, na kama ardhi ni ya umma, njia ya kulithibitisha hilo ni mahakamani, hati mkononi, kabla ya tingatinga kuwasha injini. Mahakama ya Juu ya India ilisema jambo lililokaribiana na hilo Novemba 13, 2024, ilipoagiza kwamba nyumba isibomolewe bila mwenyewe kupewa notisi ya siku 15 na nafasi ya kujitetea. Lakini agizo hilo liliacha nje majengo yaliyoko kwenye barabara, vijia, kandokando ya reli na penye maji. Kwa hivyo, katika mzozo mwingi wa aina hii, vita huwa ni kuhusu jina la ardhi: ikiitwa ya umma, kinga hupungua.

Kwa nini haya yote yafanyike Dwarka, na wakati huu? Jibu liko kwenye kalenda. Januari 22, 2024 Bw Modi aliongoza uzinduzi wa hekalu la Ram mjini Ayodhya. Mwezi mmoja baadaye akapiga mbizi Dwarka. Mnamo Aprili India ikaanza kupiga kura. Tayari mwaka wa 2021 alikuwa amezindua ujia mpana wa hekalu la Kashi huko Varanasi, ambao kwa ajili yake nyumba na vichochoro vingi vilivunjwa, na serikali ya Gujarat imetangaza mpango unaofanana na huo kwa Dwarka. Ni mlolongo mmoja: mji wa kale, ujia mpana, sanamu, mataa, uwanja wa magari, na picha ya kiongozi akisujudu.

Ila wapigakura hawakusoma picha hizo kwa namna moja. Kwenye uchaguzi huo BJP ilipata viti 240, ikapungukiwa na wingi wa viti vya bunge na kulazimika kutegemea washirika. Kilichoshangaza wengi ni kushindwa kwake katika eneobunge la Faizabad, ambamo Ayodhya yenyewe imo. Wachanganuzi walitaja sababu kadhaa, za tabaka na za kiuchumi, lakini hawakusahau manung'uniko ya wenye maduka na nyumba zilizobomolewa ili barabara za mahujaji zipanuliwe. Upande wa pili, Gujarat iliendelea kuwa ngome ya chama hicho, kwani kilitwaa viti 25 kati ya 26, kikiwemo cha Jamnagar ambacho Dwarka imo ndani yake. Anayesema kwamba hija huleta kura na anayesema kwamba haileti, wote wawili wana ushahidi nusu.

Turudi baharini. Je, chini ya maji kuna nini hasa? Mwanaakiolojia S.R. Rao, akiongoza watafiti wa taasisi ya taifa ya bahari iliyoko Goa, alianza kupiga mbizi katika maji haya miaka ya 1980. Walikuta mawe yaliyochongwa, kuta zilizoporomoka na nanga nyingi za mawe, baadhi zikiwa na umbo la pembetatu na matundu matatu. Rao aliamini kwamba ameupata mji wa Krishna. Watafiti wa baadaye, wengine kutoka taasisi iyo hiyo, walizipima upya nanga hizo na kuona kwamba nyingi zinafanana na zile za mabaharia wa enzi za kati, walioleta bidhaa katika bandari iliyokuwa na shughuli nyingi. Februari 2025 idara ya serikali ya akiolojia iliwarudisha wapiga mbizi wake huko, wanawake wakiwa miongoni mwao.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, bandari ya mabaharia si tunu ndogo kuliko mji wa kifalme. Nanga hizo ni ushahidi wa jambo ambalo watu wa pwani yetu wanalijua kwa damu: kwamba bahari hii ilikuwa barabara kuu kabla ya mipaka na pasipoti. Muumini hahitaji jiwe ili aamini, na mwanasayansi hapaswi kuagizwa jiwe la kutafuta. Hatari ipo pale serikali inapotaka jiwe limalize ubishi wa kisiasa uliopo nchi kavu.

Uhusiano wetu na pembe hii ya dunia haukukoma na majahazi. Wahindi wengi wa Kenya wana asili yao katika Kutch na Saurashtra. Waoshwal, ambao ni Wajaini, wanatoka vijiji vilivyo karibu na Jamnagar, mwendo wa saa chache kutoka Dwarka. Nanji Kalidas Mehta, aliyejenga kiwanda cha sukari cha Lugazi nchini Uganda, alizaliwa katika eneo la Porbandar, na mali yake ya Afrika ndiyo iliyojenga ukumbusho wa Gandhi mjini humo. Julai 2017 serikali ya Kenya iliitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa familia nyingi za jamii hiyo, safari ya Dwarka ni hija na pia ni kwenda kumwonyesha mjukuu mahali babu alipoaga.

Kuna uhusiano mwingine ambao wengi hawaujui. Kilomita 20 hivi kutoka Dwarka kuna mji wa Mithapur, maana yake mji wa chumvi, ambako kampuni ya Tata Chemicals, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, huzalisha chumvi na magadi. Kampuni iyo hiyo, ilipoinunua kampuni ya Uingereza ya Brunner Mond kuanzia mwishoni mwa 2005, ilirithi pia kiwanda cha Magadi katika Kajiado. Hivyo hujaji anayechungulia dirisha la treni na kuona marundo meupe ya Mithapur anamtazama mwajiri mmoja na yule wa wafanyakazi wa Ziwa Magadi.

Mkenya anayepanga safari hiyo huruka kutoka Nairobi hadi Mumbai, kisha huchukua treni inayopitia Rajkot na Jamnagar hadi Dwarka na Okha, au ndege hadi Jamnagar na kumalizia kwa gari. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hewa ya kupendeza. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mwezi Agosti au Septemba, ina shamrashamra zisizo na kifani, lakini asiyependa msongamano aiepuke. Hekalu kuu hufungwa adhuhuri kwa saa kadhaa, na simu na kamera huachwa nje. Mavazi yawe ya heshima. Kijia cha kuning'inia cha Sudama Setu, kilichozinduliwa mwaka wa 2016 juu ya mto Gomti, kilifungwa baada ya daraja la Morbi, katika Saurashtra hiyo hiyo, kuporomoka Oktoba 30, 2022 na kuua watu zaidi ya 130. Kwa hivyo mgeni asipange ratiba yake akikitegemea.

Kwa Bet Dwarka atenge siku nzima, abebe mchele wa Sudama kama ni muumini, na azuru pia kaburi la Haji Kirmani hata kama si Mwislamu. Na akifika Okha asiharakishe kupanda basi la darajani. Aulize kwanza gatini kama kuna boti inayong'oa nanga.